Usisimame Nyuma Yangu

Kambini, 3 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefika. Begi la nguo lilifika pamoja nami, lakini lile la fimbo za gofu walilishusha kwa makosa kituo kilichopita, ikabidi nirudi kulifuata na kulibeba mwenyewe hadi huku. Miaka yote umelibeba wewe, nami nilidhani ukilalamikia bega unatia chumvi. Naomba radhi kwa kila mara niliyokuambia "Mama, harakisha."

Chumba chetu kina vitanda viwili, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo, na harufu ya dawa ya sakafu isiyokwisha. Nalala na msichana tunayemwita Gogo, kwa sababu akishalala hata kengele ya asubuhi inakata tamaa naye. Simu zetu Kocha amezikusanya na kuzifungia ofisini. "Anayetaka kuongea na nyumbani ataandika," alisema. "Kuandika kunatuliza mikono." Kwa hiyo barua zangu zitakuja kupitia ofisi ya vifurushi ya basi, nawe unijibu kwa njia hiyohiyo.

Tuko sita. Tarehe 11 Aprili ni siku ya mchujo. Wanne watavaa jezi ya timu, wawili watafunga mizigo.

Sasa nikueleze ya leo, kwa sababu bado damu inachemka. Kocha alitaka kutuona tukipiga mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilijipanga kama kawaida. Kabla sijapiga akaja, akasimama mbele yangu, mikono mfukoni.

"Unalenga nini?"

"Bendera."

"Nani anayelenga bendera?"

"Mimi."

"Wewe, au mpira?"

Wenzangu wakaanza kucheka. Akachukua vijiti viwili vyembamba, kimoja akakilaza kwenye ncha za viatu vyangu, kingine kando ya mpira. Kijiti cha miguu kilielekea kwenye bendera. Cha mpira kilielekea kwenye miti ya upande wa kulia.

"Unaona?" akasema. "Mtu anaangalia bendera, mpira unaangalia msitu. Sasa nani atakayeingia shimoni?"

Nikamwambia miguu hii imeshinda vikombe vitatu. Akasema, "Kumbe ni miguu iliyoshinda. Basi siku nyingine iachie miguu ipige." Mama, karibu nimjibu vibaya. Nilikataa kusogeza hata kidole. Nilipiga vilevile nilivyosimama, na mpira ukaenda benderani, safi kabisa. Alitikisa kichwa akapita kwa mwingine.

Halafu jioni akaniuliza kwa nini nageuka kutazama nyuma kila kabla ya kupiga. Nikamwambia shingo inanisumbua.

Wasalimie wote. Mjomba umwambie sijasahau alichoniambia, na jibu bado ni lile lile.

Mwanao,
Sindano


Nyumbani, 8 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilisoma nimesimama, nikaona bora nikae.

Huyo Kocha wako alikuwa wapi wakati mimi nakufundisha kusimama? Mimi nilianza kubeba mikoba ya fimbo pale uwanjani kabla sijaolewa. Nimewabebea madaktari, nimewabebea mahakimu, nimembebea mheshimiwa mmoja aliyekuwa akilima nyasi kuliko kupiga mpira. Wote hao wakichanganyikiwa walikuwa wananiita, "Hebu nisimamishe." Nasimama nyuma yao, nawatazama wao, natazama bendera, nasema kulia kidogo, rudi, hapo, sawa. Miguu iangalie bendera. Hakuna siri nyingine. Mtu huangalia anakokwenda, au huko kambini mnatembea kama kaa?

Usihamishe miguu. Umenisikia? Leo atakwambia miguu, kesho atakwambia mikono, keshokutwa utakuwa umeunganishwa upya kama shati la viraka na hutajua tena kola iko wapi. Ulimwambia vizuri. Tena ungemwambia na jina la mama yako.

Kazi ya cherehani inaendelea. Nina sare za shule hadi juu ya kitanda chako. Jana alikuja yule jirani wa ghorofani na suruali, anataka niipanue kiunoni. Nikamuuliza kitambaa cha kuongezea kiko wapi. Akasema, "Fundi si wewe?" Nimemwambia aache kula kwanza, akirudi tutazungumza.

Mjomba alipita. Anasema kile kiti cha mapokezi shuleni kwake bado kipo, ila hawezi kukishikilia milele. Nimemwambia asubiri. Sijamwambia zaidi.

Kwenye kifurushi kuna dawa ya kuchua. Ipake shingoni asubuhi na usiku, halafu ufunge kitambaa. Shingo si ya kuchezea.

Mama yako


Kambini, 15 Machi

Mama, shikamoo.

Dawa imefika. Asante.

Barua hii nimeianza mara kadhaa na kuichana. Naona bora niseme moja kwa moja. Nimehamisha miguu.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Sikufanya hivyo kwa sababu Kocha alisema. Kwa wiki nzima nilikuwa nabishana naye, hata Gogo akaniambia, "Wewe ungepewa kesi, sio fimbo." Nilifanya kwa sababu nilitaka kumwonyesha kwamba ni mwongo. Nilikwenda peke yangu mchana, wenzangu wamelala, nikajipanga vile ulivyonifundisha, nikalaza vijiti. Kila mara miguu ilielekea benderani na mpira ukaelekea msituni. Nikajiuliza, basi kwa nini huwa unafika benderani? Nikapiga polepole nikijitazama. Mama, huwa naurudisha kwa mikono. Katikati ya kupiga, mikono inajua kwamba tumesimama vibaya, inauvuta mpira kushoto. Nimekuwa nikikosea na kusahihisha kwa wakati mmoja, na nikiwa na nguvu zangu makosa mawili yanatoka sawasawa. Nikichoka, au upepo ukivuma, moja linashinda.

Fikiria njia ya reli. Chuma kimoja kinapita chini ya mpira kwenda benderani. Kingine kinapita chini ya vidole vyangu. Hiki cha pili hakiendi benderani. Kinakwenda sambamba na chenzake na kupita kushoto ya bendera. Ukilazimisha vyuma vyote viwili viishie mahali pamoja, treni inaanguka. Sisi ndivyo tulivyokuwa tunafanya.

Kwa sasa mambo ni mabaya. Miguu imehama lakini mikono haijapata habari, bado inavuta. Mipira yangu yote inakwenda kushoto, mchangani, majini, mmoja uligonga ndoo ya mtunza uwanja akanitazama kana kwamba nilimkusudia. Mimi ndiye wa mwisho kati ya sita. Kocha aliniuliza kama nataka kurudi kwenye msimamo wangu wa zamani ili angalau nisiaibike siku ya mchujo. Nikamkatalia na yeye pia. Alishangaa. Nilimwambia, "Nilikubishia nikiwa wa pili, nitakubishia nikiwa wa sita."

Naomba usinitumie maelekezo ya kusimama kwa barua. Nisalimie kila mtu. Sirudi nyuma.

Sindano


Nyumbani, 20 Machi

Sindano,

Nimesoma.

Miguu ni yako. Viatu pia ni vyako sasa, sina la kusema. Nilikuwa nadhani kuna kitu nakijua katika dunia hii, kumbe nilikuwa naangusha treni.

Mjomba alikuja jana, akakaa kwenye kiti cha wateja, hakutaka chai. Anasema mkuu wa shule anataka mtu mwanzoni mwa Mei, basi. Mapokezi, meza yako mwenyewe, feni, unaingia asubuhi unatoka jioni, hakuna jua. Nimemwambia utakuja ukishindwa. Usinikunjie uso, ndivyo nilivyosema. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ni wa mwisho.

Lakini sitakaa hapa nikisubiri habari zako kwa basi. Ile karatasi ya Kocha uliyoniachia inasema kwamba siku ya mchujo kila mchezaji anaweza kuja na mtu wa kumbebea mkoba kutoka nyumbani. Mtu huyo ni mimi. Nitafunga cherehani Ijumaa mchana, nipande basi la jioni. Nitakubebea, nitasimama nyuma yako, nitakusimamisha, na baada ya hapo huyo Kocha na vijiti vyake tutaonana.

Usiniambie habari za kanuni. Najua kuna kanuni siku hizi kwamba anayebeba mkoba asisimame nyuma ya mchezaji anapojipanga. Huku kwetu hakuna anayeifuata. Kanuni kama hiyo lazima iliandikwa na mtu asiye na mama.

Mama yako


Kambini, 26 Machi

Mama, shikamoo.

Usije kunibebea.

Nimeanza na hilo ili lisije likapotea katikati. Sasa nitaeleza.

Shingo haikuwa inauma. Dawa yako anaitumia Gogo mgongoni, anasema ni nzuri sana na anakushukuru. Nilikuwa nageuka kwa sababu nakutafuta. Nikishajipanga juu ya mpira, kuna kitu nasubiri, na bila hicho mikono haiondoki. Nasubiri useme "sawa." Tangu nikiwa mdogo sijawahi kupiga mpira wa maana bila kulisikia neno hilo kutoka nyuma yangu. Huku hakuna anayelisema. Kwa hiyo nasimama. Nasimama mpaka wenzangu wanaanza kukohoa. Kocha ana saa mkononi, na siku ya mchujo anayekawia anaonywa, kisha anaongezewa pigo, na mwenye mapigo machache ndiye anayeshinda. Mazoezini ameshanionya mara nyingi.

Nilijaribu kujiambia mwenyewe kwa sauti ya chini. Nilijisikia kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, halafu anajikaribisha. Nikamwomba Gogo anisaidie mazoezini. Siku ya kwanza alisema "sawa" fimbo ikiwa tayari iko juu, nikaukosa mpira kabisa. Siku ya pili nilimsubiri, nikamsubiri, nikageuka, kumbe anakula. "Sawa nini?" ananiuliza.

Swali lake limenikaa kichwani. Sawa nini? Ulikuwa unaniambia kwamba nimenyooka? Au nimesimama vizuri? Au ulikuwa unaniruhusu? Nimelipindua neno hilo usiku na mchana, nami naona ni hilo la mwisho. Nilikuwa naomba ruhusa ya kupiga mpira wangu. Sitaki kuomba tena. Si kwako, si kwa Kocha, na Mjomba asiingie hata kwenye foleni.

Sasa nafanya hivi. Kwanza nasimama mimi nyuma ya mpira, mahali ulipokuwa ukisimama wewe. Natazama bendera, halafu nashusha macho kwenye mstari hadi nipate kitu kilicho karibu, hatua moja tu mbele ya mpira: jani, doa la udongo, nyasi iliyopauka. Bendera iko mbali na inatisha, lakini doa liko hapo chini ya pua yangu. Nakwenda ubavuni, naweka uso wa fimbo uangalie doa, miguu naipa kazi ya mwisho, sambamba. Halafu napiga, kabla sijaanza kusikiliza. Mikono imeanza kuelewa. Jana nilimaliza wa nne.

Ukija na kusimama nyuma yangu nitakusubiri, Mama, na nikikusubiri nimekwisha. Hata ukinyamaza, nitasikiliza unavyonyamaza.

Na kiti cha mapokezi sikitaki, nishinde nisishinde.

Mwanao,
Sindano


Nyumbani, 31 Machi

Sindano,

Sema tu. Kwa nini uzunguke na majani na madoa?

Sema wenzako wazazi wao watakuja na magari, wamevaa miwani ya jua, na wewe hutaki mama mwenye futi ya kupimia shingoni na uzi umemganda kwenye sketi. Ningekuelewa. Ningekuona huna adabu, lakini ningekuelewa. Lakini kunigeuzia maneno, eti "sawa" yangu ndiyo inayokufunga mikono! Nilipokuwa nakubebea mkoba mvua inanyesha, mimi nimelowa na wewe uko chini ya mwavuli, sawa yangu haikukufunga. Ulipotoka uwanjani unalia kwa sababu ya shimo moja, nani alikufuta makamasi? Saa ya Kocha?

Nimekaa kwenye cherehani leo nikashona mfuko wa suruali upande wa nje. Mwenyewe akaja, akauona, akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Nikamwambia ndiyo.

Na ruhusa, mimi ndiye nitoe ruhusa, ni nani mwingine? Nimekuzaa.

Nitakuja. Uwanja haujawa wa baba yako wala wa Kocha, na mlinzi wa getini hana uwezo wa kumzuia mtu aliyeoga. Nitakuja na nitasimama ninapotaka.

Mama yako, yule yule


Kambini, 4 Aprili

Mama,

Sioni haya nawe. Sijawahi.

Nilimwambia kila mtu hapa kwamba aliyenifundisha gofu ni mama yangu, fundi cherehani. Nilimwambia Kocha hivyo siku ya kwanza, kabla hajaniuliza. Ndiyo maana alipoicheka miguu yangu nilitaka kumrukia.

Hili si jambo la sketi. Ni jambo la mahali. Ukitaka kuja, njoo kama mama, usije kama mbeba mkoba. Mkoba nimeshauzoea. Simama popote kwenye uwanja huu mzima, mbele, kando, juu ya mti ukiweza. Ila usisimame nyuma yangu. Ukisimama hapo nitaweka fimbo chini nimalize mchujo wangu papo hapo, na nitakwenda kuomba kazi yoyote isipokuwa ile ya Mjomba.

Nimesema hivyo nikijua unavyosoma barua zangu. Soma hii umekaa.

Sindano


Kambini, 12 Aprili

Mama, shikamoo.

Mchujo ulikuwa jana. Naandika ili usisikie kwanza kwa mtu mwingine.

Nimekuwa wa tano.

Nitakuambia ilivyokuwa, shimo la kwanza na la mwisho tu, mengine yalikuwa kazi ya kawaida. Kwenye shimo la kwanza jina langu likaitwa, nikasimama nyuma ya mpira, nikachagua doa, nikaja ubavuni, nikaweka fimbo, nikaweka miguu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Halafu nikageuka. Baada ya kukuandikia yote yale, niligeuka kutazama kama upo. Walikuwepo wazazi wa wenzangu, Gogo akipiga miayo, Kocha amefunga mikono. Wewe hukuwepo. Nikajua kwamba umekasirika na umebaki nyumbani. Nikapiga nikiwa nafikiria hilo, mpira ukaenda mchangani, nikatumia pigo la ziada kuutoa.

Nimekosa nafasi ya nne kwa pigo moja. Ndilo lile. Gogo amechukua hiyo nafasi ya nne, alilia kuliko mimi, nikalazimika kumbembeleza mtu aliyenishinda.

Usidhani nakulaumu. Pigo lile ni langu. Hakuna aliyenigeuza shingo.

Baada ya pale nilikasirika, na hasira zikanisaidia. Sikugeuka tena. Kwenye shimo la mwisho nilikuwa nahitaji muujiza na nilijua haupo, lakini nilijipanga kana kwamba nimeshachaguliwa. Nilipiga mpira ambao sijawahi kuupiga maishani. Ulikwenda kama umevutwa na kamba, ukatulia karibu na bendera, nikausukuma ndani. Watu walipiga makofi. Kocha hakupiga, lakini alifungua mikono.

Jioni aliniita. Amesema sikuingia timu na hatabadilisha hesabu kwa sababu ya shimo moja zuri. Ila anataka mchezaji wa akiba: anafanya mazoezi na wanne wale, anaosha mipira, anasafiri akiugua mwingine. Huenda asiugue yeyote. Kitanda nitaachiwa, jezi sipati. Aliniambia nifikirie usiku kucha. Nikamwambia sihitaji usiku. Nabaki.

Mwambie Mjomba ampe mtu mwingine kile kiti, feni na vyote. Kama utakasirika, kasirika. Nimeshindwa mchujo, sijashindwa kitu kingine, na yule utakayemwambia "njoo nyumbani" humkuti tena hapa.

Lakini Mama, nilisema usisimame nyuma yangu. Sikusema usije kabisa.

Mwanao,
Sindano


Nyumbani, 17 Aprili

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Nani amekuambia sikuja?

Nilifika asubuhi, mapema kuliko hao wenye magari. Mlinzi wa getini alinitazama shingoni, kumbe nilisahau kuvua futi. Akaniuliza, "Mama, umekuja kumpima nani?" Nikamwambia nimekuja kupima urefu wa ulimi wake. Tukashindana kidogo, akaniachia nikapita, hata akanielekeza njia. Si mtu mbaya.

Shimo la kwanza sikwenda. Nilitaka. Miguu ilinipeleka hadi karibu na ule ukuta wa stoo, nikasikia sauti yako unamtania Gogo, nikageuza. Ulimi wangu naujua. Ungejipanga, nami ningesema, hata kama ningeuma meno. Nikauliza shimo la mwisho liko wapi, nikaenda moja kwa moja, nikakaa kwenye nyasi kushoto ya bendera ukiitazama kutoka kule mnakotokea nyinyi mkija. Nilishinda hapo kutwa. Nilishona vifungo vya sare nilivyokuja navyo kwenye mkoba, maana kazi haisubiri. Uzi natungiwa na jirani siku hizi, vitu vya karibu sivioni vizuri, lakini vya mbali bado naviona kuliko wewe.

Kwa hiyo nilikuona unakuja. Sikujua uko wa ngapi na sikumuuliza mtu. Ulisimama nyuma ya mpira kama ulivyoniandikia. Halafu ukaja ubavuni, ukainua kichwa kutazama bendera, na mimi nikakuona uso.

Nataka nikuambie jambo. Miaka yote nimekuwa nyuma yako, sikuwahi kukuona uso wakati unalenga. Nilidhani unakuwa umetulia, kama mtu anayesikiliza. Kumbe unakuwa unabisha. Umekunja kipaji cha uso, umetoa mdomo mbele, kama ulivyokuwa ukikataa uji. Hakuna mtu anayeweza kumwambia "sawa" mwenye uso ule. Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Halafu nikaacha kucheka. Bega lako la kushoto lilikuwa linanielekea mimi. Miguu, kiuno, bega, vyote kwangu. Si kwenye bendera. Nikasema moyoni, huyu mtoto amekosea, au amenikasirikia sana. Bwana mmoja aliyekuwa na mwavuli akaniambia, "Mama, sogea, huyu anapiga huku." Nikamwambia, "Sisogei. Anajua anachofanya." Nilikuwa sina hakika hata kidogo, Sindano. Niliuma futi kwa meno, ina alama mpaka leo pale penye sentimita sitini. Ningesimama nikupungie mkono, ungeona. Ningepiga kelele, ungesikia. Yule bwana alisogea. Mimi nilikaa.

Mpira ulipita kando yangu ukaenda kukaa pale ulipokaa.

Niliondoka kabla hawajasoma majina kwa sababu basi la mwisho halingojei mtu. Na macho yalikuwa yanatoa maji, jua la huko kwenu ni kali. Nilitegemea utakuwa umeniona. Kumbe ulikuwa unatazama doa lako.

Kuhusu pigo moja, usilibebe sana. Umeshabeba mkoba.

Mjomba nimempa jibu lako neno kwa neno. Alisema mimi na wewe tunaharibiana. Nikamwambia kiti ampe mwenye kukipenda, na suruali yake haitakuwa tayari wiki hii. Ya kiti ameyakubali, ya suruali bado anabembeleza. Jirani wa ghorofani naye amenisikia nikimweleza mteja kwamba binti yangu ni mchezaji wa akiba, akauliza akiba ni nini. Nikamwambia ni yule wanayemwogopa wale wanne. Kama si kweli, fanya iwe kweli.

Kaa huko. Kula vizuri. Gogo mpe hongera na umwambie dawa asiipake karibu na macho.

Ila jambo moja sitalibadilisha, hata uniletee vijiti na wahandisi wote wa reli. Nilikaa mbele yako, nikaona kwa macho yangu mwenyewe, na hakuna Kocha atakayenitoa hapo: miguu yako umeiweka vibaya.

Iache hivyohivyo.

Mama yako